Ardhi ya Rangi Saba na Tarehe Mosi Februari



Kusini-magharibi mwa kisiwa cha Morisi, katika Bahari ya Hindi, kipo kijiji cha milimani kiitwacho Chamarel. Karibu na kijiji hicho pana uwanda mdogo usioota jani, wenye ukubwa wa takriban mita za mraba 7,500. Ardhi yake imejikunja kama mawimbi ya bahari yaliyogandishwa, na kila wimbi lina rangi yake: nyekundu, kahawia, manjano, kijani, buluu na zambarau ya namna mbili, moja nzito na nyingine nyepesi. Kwa sababu hiyo wenyeji wamepaita Ardhi ya Rangi Saba, na wageni kutoka pembe zote za dunia huenda kupatazama.

Wahenga walisema, “Tembea uone.” Makala haya yanakutembeza hadi Chamarel ukiwa umeketi darasani. Lakini nakuomba jambo moja kabla hatujaondoka: usipatazame mahali hapo kwa jicho moja. Ardhi ya Chamarel ina historia mbili. Ya kwanza ni ya mwamba na mvua, na mgeni yeyote hupewa habari zake. Ya pili ni ya watu walioletwa katika kisiwa hicho kwa nguvu, wengi wao wakitoka katika bara letu, na baadhi yao wakipitia katika bandari za Waswahili. Historia hiyo ya pili haionekani kwa macho. Ni lazima mtu aiulize. Na ukiiuliza hadi mwisho, utaona kwamba inakutana na kalenda yetu sisi tunaoishi hapa Remera.

Mwamba uliogeuka kuwa rangi

Tuanze na mwamba. Kisiwa cha Morisi kilizaliwa na volkeno. Lava, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto kali la ndani ya dunia, ilitoka chini ya bahari, ikarundikana, ikapoa na kuwa jiwe jeusi liitwalo basalti. Jiwe hilo huonekana gumu, lakini katika nchi yenye joto na mvua nyingi halidumu milele. Maji hulipenya, hulilainisha, na baada ya muda mrefu mno huligeuza kuwa udongo wa mfinyanzi.

Katika mageuzi hayo, madini yanayoyeyuka kwa urahisi huchukuliwa na maji. Yale yasiyoyeyuka kwa urahisi hubaki nyuma, hasa oksidi za chuma na za alumini. Chuma ndicho kinachotia udongo wekundu, kahawia na manjano, kama vile msumari uliolowa unavyoshika kutu. Rangi za buluu na zambarau kwa kawaida huhusishwa na alumini. Kisha mvua ile ile iliyotengeneza udongo ikaanza kuuchonga, ikichimba vijifereji hadi uwanda wote ukawa na matuta na mabonde madogo.

Usidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Udongo mwekundu unaoshika viatu vyako wakati wa masika, hapa katika vilima vya Kigali, hupata wekundu wake kwa chuma hicho hicho. Tofauti ni kwamba kule Chamarel udongo umeachwa wazi, bila mmea wowote wa kuufunika, na mmomonyoko umekuwa urembo. Hapa kwetu mmomonyoko ni adui wa mkulima, ndiyo maana vilima vyetu vimekatwa matuta. Kitu kimoja chaweza kuwa msiba kwa mwenye shamba na kuwa burudani kwa mpita njia. Yashike maneno hayo, kwa kuwa tutayahitaji mbele.

Mgeni anayefika Chamarel leo hakanyagi ardhi hiyo. Imezungushiwa uzio wa mbao, na watu huitazama kutoka pembeni, kwenye majukwaa. Rangi hupendeza zaidi jua linapokuwa chini, asubuhi na mapema. Karibu na hapo wamo kobe wakubwa ndani ya zizi, na njiani yapo maporomoko marefu ya maji. Madukani huuzwa vichupa vya kioo vilivyojazwa udongo wa rangi mbalimbali, tabaka juu ya tabaka. Wenyeji husimulia kwamba ukiuchanganya udongo huo, rangi zake hujitenga tena zenyewe.

Majina ya rangi katika lugha yetu

Kwa kuwa wewe ni mwanafunzi wa lugha, tusipite hapo bila somo. Katika Kiswahili, rangi tatu tu zina vivumishi vinavyobadilika kufuata ngeli: -ekundu, -eupe na -eusi. Tunasema udongo mwekundu, kitambaa chekundu, maua mekundu. Rangi nyingine tumezitaja kwa majina ya vitu, na huunganishwa kwa kiambishi cha ngeli na -a: udongo wa kahawia, kitambaa cha kijani, maua ya zambarau. Kahawia imetoka katika kahawa. Kijani imetoka katika jani. Manjano ni kiungo cha chakula. Zambarau ni tunda. Samawati, ambayo wengi leo huiita buluu, imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu.

Hata Kinyarwanda kina vitenzi vitatu vya kale vya rangi: gutukura, kwera na kwirabura. Nazo ndizo rangi tatu kuu za imigongo, ile sanaa ya akina mama wa Gisaka, mashariki mwa nchi yetu, ambao hufinyanga mistari kwa samadi ya ng’ombe, kisha huipaka nyekundu na nyeupe za udongo na nyeusi ya majivu. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wanawake walioishika sanaa hiyo waliifufua. Watu wetu, basi, walijua zamani kwamba ardhi ni chombo cha rangi.

Lakini tazama neno “kahawia” kwa makini. Chamarel ni mahali panapojulikana kisiwani kwa kilimo cha kahawa, zao ambalo Mnyarwanda analijua vizuri. Zao halijipandi lenyewe. Kila unapoona shamba la kale katika kisiwa cha Bahari ya Hindi, uliza: ni nani aliyelilima kwa mara ya kwanza, na alilipwa nini?

Kisiwa kisichokuwa na wenyewe

Morisi hakikuwa na wakazi wa asili. Mabaharia wa Kiarabu walikijua, na Wareno walikipitia, lakini hakuna aliyekaa. Waholanzi walitia nanga mwaka 1598 wakakipa kisiwa jina la mwanamfalme wao, Maurits. Katika muda wa kukaa kwao, ndege wa ajabu asiyeweza kuruka, aitwaye dodo, alitoweka duniani. Waholanzi waliondoka mwaka 1710. Wafaransa wakakitwaa kisiwa mwaka 1715, wakakiita Île de France, yaani Kisiwa cha Ufaransa. Jina la Chamarel lenyewe ni la Mfaransa wa ukoo wa de Chazal aliyemiliki ardhi katika sehemu hizo.

Kisiwa kisicho na watu hakina wafanyakazi. Wafaransa walitaka bandari, barabara na mashamba, wakaleta watumwa. Walitoka Madagaska, Msumbiji, pwani ya Afrika Mashariki, na wachache India na Afrika Magharibi. Mwaka 1723 ilitolewa sheria ya utumwa kwa visiwa hivyo, maarufu kama Kanuni Nyeusi. Ilieleza bila kuficha adhabu ya mtumwa aliyetoroka. Akitoroka mara ya kwanza, hukatwa masikio na kuchomwa alama begani kwa chuma cha moto. Mara ya pili, hukatwa mshipa wa nyuma ya goti. Mara ya tatu, huuawa.

Soma tena adhabu hizo, kisha ujiulize kwa nini sheria ilihitaji kutaja mara ya pili na mara ya tatu. Ni kwa sababu watu walitoroka, wakakamatwa, wakakatwa masikio, na bado wakatoroka tena. Sheria iliyoandikwa ili kutisha imekuwa, bila kukusudia, ushahidi wa ujasiri wa wale iliotaka kuwatisha.

Kilwa, mwaka 1776

Sasa tufike penye sehemu ngumu. Tarehe 14 Septemba 1776, Mfaransa mmoja mfanyabiashara ya watumwa, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, mji wa Waswahili ulio kusini mwa Tanzania ya leo. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kwa kila mtu, na piasta 2 zaidi kwa kila kichwa kama zawadi kwa Sultani mwenyewe. Mkataba uliandikwa kuwa wa miaka 100.

Morice hakuishi kuutimiza mpango wake wote, lakini biashara iliendelea. Watu walikamatwa bara, katika nchi za Wayao, Wamakua, Wamakonde na majirani zao hadi pande za Ziwa Nyasa, wakateremshwa pwani, wakapakiwa majahazini na merikebuni.

Mwalimu wa Kiswahili hupenda kusema kwamba lugha hii ni lugha ya umoja, ya biashara na ya udugu. Ni kweli, nami nitaendelea kuifundisha hivyo. Lakini biashara iliyoieneza lugha yetu haikuwa ya nguo na karafuu peke yake. Sokoni Kilwa, bei ya mtu ilitajwa pia kwa Kiswahili. Hatuipendi lugha yetu kidogo kwa kulijua hilo. Tunaipenda kama watu wazima wanavyompenda mzazi wao, wakiijua historia yake yote. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Tumepokea urithi, na anayepokea urithi hupokea pia madeni yake.

Mlima wa watoro

Ukisimama katika barabara ya milimani ya Chamarel na kuangalia upande wa bahari, utauona mlima mmoja uliosimama peke yake kwenye rasi, wenye kuta za mwamba zilizo wima. Huo ni Le Morne Brabant, wenye urefu wa mita 556. Katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, watumwa waliotoroka walijificha humo, wakaishi katika mapango yake na kileleni, mahali ambapo askari hawakuweza kupanda kwa urahisi.

Waingereza walikiteka kisiwa mwaka 1810. Bunge lao lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833, Morisi ilipewa muda zaidi kuliko makoloni mengi, na sheria ilianza kutumika huko tarehe 1 Februari 1835. Watu walioachwa huru siku hiyo walikuwa zaidi ya 60,000. Hapa kuna jambo la kushangaza: fidia ililipwa, tena kubwa, zaidi ya pauni milioni 2, lakini walilipwa waliokuwa wakimiliki watu. Waliomilikiwa hawakulipwa kitu. Tena walitakiwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao wa zamani kwa jina la “uanagenzi” hadi mwaka 1839.

Masimulizi ya kisiwani yanasema kwamba siku ile ya uhuru kikosi cha polisi kilitumwa Le Morne kuwapa watoro habari njema. Watoro walipowaona askari wakiukwea mlima, walidhani wamekuja kuwakamata. Wakajitupa kutoka kwenye mwamba, wakafa wakiwa huru pasipo kujua kwamba walikuwa huru.

Je, ilitokea hivyo hasa? Hapo ndipo mwanafunzi wa historia anapojifunza kutofautisha hati na simulizi. Mkataba wa Kilwa ni hati: una tarehe, bei na hesabu. Kisa cha Le Morne ni simulizi: kimepita mdomoni hadi mdomoni. Wengi hudhani kwamba hati ni kweli na simulizi ni hadithi tu. Mimi nakuomba ufikiri zaidi. Hati iliandikwa na wanunuzi na wauzaji, nayo inawahesabu watu kama magunia. Haina jina la mtu hata mmoja kati ya hao 1,000 wa kila mwaka. Simulizi ilihifadhiwa na wajukuu wa walionunuliwa, nayo inawapa jambo ambalo hati iliwanyima: uamuzi. Ndani ya hati wao ni mizigo. Ndani ya simulizi ni watu wanaoogopa, wanaochagua, wanaoukataa utumwa. Mwanahistoria mwema husoma vyote viwili, na kila kimoja hukiuliza: wewe umetoka kinywani mwa nani?

Mwaka 2008 UNESCO iliuweka mlima Le Morne katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa kuwa ni alama ya mapambano dhidi ya utumwa. Mwaka 2009 Morisi iliunda Tume ya Ukweli na Haki ili kuchunguza utumwa na kazi za mkataba za Wahindi walioletwa baadaye, na tume hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 2011. Muziki wa sega, uliozaliwa na watumwa na kupigwa kwa ngoma ya ngozi ya mbuzi, uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2014.

Siku moja, nchi mbili

Tarehe 1 Februari ni sikukuu ya taifa Morisi: kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa. Sasa fungua kalenda yetu. Tarehe 1 Februari ni sikukuu ya taifa Rwanda pia: Siku ya Mashujaa. Na mahali pa taifa pa kuwaenzi mashujaa hao pako hapa hapa Remera, mwendo mfupi kutoka Uwanja wa Amahoro. Sikukuu hizi mbili hazikupangwa pamoja, na kila moja ina chanzo chake. Hata hivyo zimeangukia siku moja, na mwalimu angekosea kutoitumia nafasi hiyo.

Kati ya tunaowaenzi siku hiyo wamo wanafunzi wa Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliwavamia shuleni wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Wanafunzi wakakataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa. Walikuwa vijana kama wewe, wenye madaftari kama yako.

Kumbuka kile kichupa cha udongo wa Chamarel. Udongo, tunaambiwa, hujitenga wenyewe. Binadamu hajitengi hivyo. Hutenganishwa na binadamu mwenzake, kwa sheria, kwa bei, kwa amri. Na kwa sababu ni amri ya mtu, mtu anaweza kuikataa. Mtoro wa Le Morne aliikataa, na mwanafunzi wa Nyange aliikataa. Mazingira yao hayafanani, wala sisemi kwamba mateso yao ni mamoja. Nasema tu kwamba kila mmoja aliambiwa yeye ni nani na aliyekuwa na nguvu, naye akajibu: hapana.

Namna ya kuzuru

Huenda siku moja utafika Morisi. Nakutakia safari hiyo kwa moyo wote. Itazame Ardhi ya Rangi Saba asubuhi, upige picha, ufurahi. Hakuna dhambi katika kufurahia uzuri. Lakini baada ya Chamarel teremka hadi chini ya Le Morne, kwenye mnara wa ukumbusho wa Njia ya Watumwa, usimame kimya kidogo. Msikilize mzee anayepiga sega. Mwulize mwenyeji habari za babu zake. Ukifanya hivyo, utakuwa umezuru nchi nzima na siyo rangi zake tu.

Na kama hutafika kamwe, si hasara. Anza hapa. Mgeni akija Rwanda na kusifu vilima vyetu, mweleze pia waliovilima, waliovipigania na waliolala ndani yake. Ile kanuni tuliyoisema mwanzoni bado ni kweli: kilicho burudani kwa mpita njia chaweza kuwa msiba kwa mwenye shamba. Raia mwema ni yule asiyekubali kuwa mpita njia, hata akiwa ugenini.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Taja tofauti mbili kati ya hati na simulizi kama vyanzo vya historia, ukitumia mifano ya Kilwa na Le Morne.

2. Tunga sentensi tano zenye majina ya rangi. Tatu zitumie -ekundu, -eupe na -eusi katika ngeli tofauti.

3. Chagua mahali palipo karibu na nyumbani kwenu panaposifiwa kwa uzuri. Muulize mzee mmoja historia ya mahali hapo, kisha andika aya mbili kwa Kiswahili.